Tiba ya Shiatsu ya Kijapani: Mambo ya Kutarajia na Mipaka Yake

Neno shiatsu limeundwa kwa maneno mawili ya Kijapani: shi, yaani kidole, na atsu, yaani mgandamizo. Jina hilo linaieleza kazi yenyewe bila mafumbo. Mtoa tiba huugandamiza mwili wa mtu kwa vidole gumba, viganja na wakati mwingine viwiko au magoti, bila kutumia mafuta na bila kumvua nguo, kwa nia ya kupunguza maumivu, kulegeza misuli na kumtuliza. Tiba hii ilizaliwa Japani katika karne ya 20, ikaenea Ulaya na Amerika, na leo jina lake huonekana hata katika orodha za huduma za baadhi ya hoteli na vituo vya kukanda mwili katika miji yetu.

Wagonjwa wenye maumivu ya mgongo, shingo na mabega wanaoisikia habari yake huniuliza maswali mawili. Je, inauma? Je, inaponya? Ni maswali ya haki, na makala hii itayajibu. Lakini liko swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, nalo lina uzito kuliko hayo mawili: je, mwili wangu, kwa hali ulivyo leo, unafaa kugandamizwa? Mgandamizo uleule unaomstarehesha mtu mmoja waweza kumvunja ubavu mtu mwenye mifupa dhaifu, au kulisukuma bonge la damu kutoka mguuni hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana dakika chache za mazungumzo kabla ya kulala mkekani zina thamani kuliko saa nzima ya kugandamizwa.

Chimbuko la shiatsu

Kabla ya shiatsu, Wajapani walikuwa na anma, ufundi wa kukanda mwili wenye asili ya China uliofika Japani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa karne kadhaa anma ilikuwa kazi mashuhuri ya watu wasioona, ambao waliusoma mwili kwa ncha za vidole. Mwanzoni mwa karne ya 20 ufundi huo ulikutana na elimu ya anatomia na mbinu za kukanda kutoka nchi za Magharibi, na katika makutano hayo shiatsu ikachipuka.

Mtu aliyeitangaza kuliko wengine ni Tokujiro Namikoshi (1905–2000). Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto familia yake ilihamia Hokkaido, kisiwa chenye baridi kali kaskazini mwa Japani, na huko mama yake akashikwa na maumivu ya viungo. Kijana huyo akawa anamgandamiza mama yake kwa vidole gumba, akijifunza kwa kupapasa tu ni wapi mwili umekaza na ni wapi umelegea. Mwaka 1925 alifungua kliniki Hokkaido, na mwaka 1940 akaanzisha chuo jijini Tokyo. Mtindo wake unafuata anatomia kama inavyofundishwa hospitalini: misuli, neva na mishipa ya damu.

Baada yake alikuja Shizuto Masunaga (1925–1981), msomi wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Kyoto ambaye alifundisha katika chuo cha Namikoshi. Masunaga aliirudisha shiatsu karibu na falsafa ya tiba ya China, inayozungumzia nguvu ya uhai iitwayo ki na mikondo inayosemekana kuipitisha mwilini. Mtindo wake hujulikana kama Zen shiatsu, na umeenea sana katika nchi za Ulaya.

Tofauti ya mitindo hii miwili humgusa mgonjwa moja kwa moja. Mtoa tiba anayemfuata Namikoshi atakuambia kwamba msuli fulani wa bega umekaza. Anayemfuata Masunaga aweza kulipapasa tumbo lako kwanza, kisha akasema kwamba figo yako imechoka. Usishtuke, wala usikimbilie kununua dawa ya figo. Katika lugha ya mitindo hiyo, figo ni jina la mkondo. Si kiungo kile ambacho daktari hukipima kwa damu na mkojo. Vivyo hivyo, akisema kwamba figo yako ni nzima, usiache kupima shinikizo la damu na sukari kama ulivyoagizwa.

Nchini Japani kazi hii inasimamiwa na sheria ambayo msingi wake ni wa mwaka 1947. Anayetaka kuifanya husoma kwa muda usiopungua miaka 3, akajifunza anatomia, fiziolojia na magonjwa, kisha hufanya mtihani wa taifa ili apewe leseni. Nje ya Japani hali ni tofauti kabisa. Katika nchi nyingi mtu aweza kujiita mtaalamu wa shiatsu baada ya kozi ya siku chache. Msomaji aikumbuke tofauti hii, maana tutairudia.

Kabla ya kugandamizwa

Kwa kawaida kikao kimoja huchukua dakika 45 hadi 60. Vaa nguo laini, zisizobana, kama fulana ya mikono mirefu na suruali ya pamba, kwa sababu utabaki na nguo zako mwanzo hadi mwisho. Usile chakula kizito katika saa moja au mbili zinazotangulia, kwani tumbo lililojaa halipendi kulaliwa wala kubonyezwa. Pombe iepukwe kabisa, kwa kuwa hupunguza hisia za maumivu, nayo maumivu ndiyo mlinzi wako mkekani.

Mtoa tiba aliyefunzwa vizuri hataanza na mikono. Ataanza na masikio. Atakuuliza kilichokuleta, kimeanza lini, unaumwa nini kingine, unatumia dawa gani, umewahi kufanyiwa upasuaji gani, na kama ni mwanamke, iwapo una ujauzito. Hapo ndipo methali ya wahenga inapofaa: mficha uchi hazai. Mwambie kila kitu, hata kile unachodhani hakihusiani na mgongo wako. Ikiwa hakuulizi lolote, bali anakuonyesha mkeka na kukunja mikono ya shati, basi umekwisha kupata jibu kuhusu elimu yake. Mshukuru, uondoke.

Ndani ya chumba

Utalala kwenye futoni, yaani godoro jembamba la Kijapani linalotandikwa sakafuni. Baadhi ya vituo hutumia kitanda kifupi, na wazee au watu wenye maumivu ya magoti waweza kuhudumiwa wakiwa wameketi kitini. Mtoa tiba hupiga magoti kando yako na kukuegemea kwa uzito wa mwili wake. Hatumii nguvu za mikono kusukuma, wala hachui ngozi huku na huko kama anayekanda unga. Huweka kidole gumba au kiganja mahali fulani, huegemea taratibu kwa pembe iliyonyooka, hutulia hapo kwa sekunde chache, kisha huachia taratibu na kusogea hatua inayofuata. Kwa kawaida hufuata mistari: kando ya uti wa mgongo, mabegani, makalioni, mapajani, mikononi hadi kwenye vidole. Kati ya migandamizo aweza kukunyoosha mkono au mguu, au kukizungusha kiungo polepole.

Je, inauma? Utahisi uzito, na katika sehemu zilizokaza utahisi maumivu ya aina ambayo Wajapani huielezea kwa neno itakimochii, yaani inauma lakini inapendeza. Maumivu ya namna hiyo hayakufanyi ukunje uso wala kubana pumzi. Maumivu makali ya kuchoma, ganzi, au mshtuko unaoshuka mguuni au mkononi kama umeme ni habari nyingine: hayo ni malalamiko ya neva. Sema mara moja. Huna deni la uvumilivu kwa mtu anayekugandamiza, na mtaalamu wa kweli hupunguza nguvu pale tu unaposema, tena bila kukasirika.

Baadaye, watu wengi hujisikia wepesi na usingizi. Wengine hupata uchovu, maumivu madogo ya misuli au kichwa kuuma kidogo kwa siku moja au mbili. Pumzika, na usiendeshe gari ukiwa unasinzia. Utaambiwa huenda unywe maji mengi ili kuondoa sumu zilizofunguliwa na mgandamizo. Kunywa maji ukiwa na kiu, ila ujue kwamba kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini na figo usiku na mchana, wala haisubiri kidole gumba cha mtu.

Sayansi inasema nini

Lazima tuseme ukweli hata kama ni mchungu kwa wapenzi wa tiba hii: ushahidi wa kisayansi kuhusu shiatsu ni mdogo. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa Uingereza na Nicola Robinson na wenzake, yakachapishwa mwaka 2011, yalikuta tafiti chache za shiatsu, na nyingi kati yake zikiwa na kasoro. Utafiti mkubwa zaidi wa Ulaya, ulioongozwa na Andrew Long wa Chuo Kikuu cha Leeds na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watumiaji 948 nchini Austria, Hispania na Uingereza. Wengi walieleza kwamba maumivu na msongo wa mawazo vilipungua. Lakini utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha ambalo halikugandamizwa, na watu waliohojiwa walikuwa wamechagua na kulipia huduma hiyo wenyewe. Kwa hiyo hatuwezi kutenganisha kazi ya vidole na kazi ya muda, mapumziko na matumaini.

Ndugu yake shiatsu, mbinu ya kugandamiza nukta maalumu za mwili, ina ushahidi bora kidogo katika jambo moja. Iko nukta upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yaligundua kwamba kuisisimua nukta hiyo kwa njia mbalimbali, mgandamizo ukiwa mojawapo, hupunguza kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji.

Kuhusu maumivu, tunayo maelezo yanayoingia akilini bila kuhitaji mikondo isiyoonekana, ambayo wanaanatomia hawajaiona chini ya kisu wala hadubini. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia za mguso na mgandamizo zinapowasili kwa wingi, lango hilo huzibana taarifa za maumivu zisipite zote kwenda kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtoto aliyejikwaa hujishika dole la mguu na kulibana kabla hata hajalia. Ongeza juu ya hayo utulivu wa chumba, pumzi ndefu, na mtu anayekusikiliza kwa saa nzima, nawe utaelewa kwa nini wengi hutoka wakiwa na nafuu.

Nafuu hiyo ina thamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno, na kwamba katika wagonjwa 9 kati ya 10 hakuna ugonjwa mahususi unaoonekana kuwa chanzo. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo unataja kukanda mwili miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa, sambamba na elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Basi mtu mwenye maumivu ya kawaida ya kiuno akiipenda shiatsu, na mfuko wake ukimruhusu, simzuii. Namwomba tu asiache mazoezi, kwa sababu mgandamizo hulegeza misuli lakini hauiimarishi.

Nani asigandamizwe

Sasa tufike kwenye swali la tatu. Hatari za shiatsu ni chache kwa mtu mwenye afya, lakini kwa baadhi ya watu ni kubwa.

Wa kwanza ni mwenye mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma, hasa kwenye shavu la mguu, na zaidi kama ametoka safari ndefu, amefanyiwa upasuaji au amejifungua karibuni. Huenda damu imeganda ndani ya vena. Bonge hilo likigandamizwa laweza kung'oka na kuziba mishipa ya mapafu, na mtu akafa katika muda mfupi. Mguu wa namna hii haukandwi na mtu yeyote, awe mtaalamu wa Kijapani au bibi wa nyumbani. Unapelekwa hospitalini siku hiyohiyo.

Wa pili ni mwenye mifupa dhaifu: wazee, wanawake waliokoma hedhi zamani, na watu waliotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu. Uzito wa mtu mzima uliowekwa juu ya mbavu au pingili za mgongo waweza kuzivunja. Kundi hili linajumuisha pia watu wenye saratani iliyofika mifupani.

Wa tatu ni anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, au mwenye ugonjwa unaosababisha kutokwa na damu kwa urahisi. Huyu aweza kuvia damu ndani ya misuli.

Wa nne ni mwenye kisukari kilichoharibu neva za miguu. Hawezi kuhisi mgandamizo uliozidi, na jeraha dogo la mguu kwake laweza kuishia kwenye kidonda kisichopona.

Kwa mjamzito, miongozo ya wana shiatsu wenyewe huzuia kugandamiza tumbo na nukta kadhaa, ikiwemo ile iliyo juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani. Sisi madaktari tunaongeza kwamba ujauzito huifanya damu igande kwa urahisi, na kwamba kulala chali kwa muda mrefu katika nusu ya pili ya ujauzito hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mjamzito alale ubavu, ahudumiwe na mtu aliyefunzwa mahususi, na azungumze na mkunga wake kwanza.

Mwisho, kwa watu wote bila kubagua, sehemu ya mbele na ya pembeni ya shingo isigandamizwe kwa nguvu. Hapo hupita ateri zinazopeleka damu kwenye ubongo. Mwaka 2001 jarida la Stroke lilichapisha habari za mgonjwa aliyezibwa mishipa ya jicho na ya ubongo baada ya kufanyiwa shiatsu ya shingo. Visa vya namna hiyo ni nadra sana, lakini kiharusi kimoja kinatosha kumbadilisha mtu maisha yake yote. Ngozi yenye majipu, mkanda wa jeshi au majeraha, na mwili wenye homa, navyo visubiri.

Maumivu yasiyosubiri vidole

Liko jambo moja linalonihangaisha kuliko hatari zote zilizotajwa, nalo halitokani na vidole vya mtu. Ni muda unaopotea. Katika nchi zetu kifua kikuu bado kipo, na hakikai mapafuni tu. Huingia katika pingili za mgongo, kikazila polepole, na mwanzoni dalili yake yaweza kuwa maumivu ya mgongo peke yake. Mgonjwa akigandamizwa hupata nafuu ya siku mbili, akarudi tena, na tena, huku mfupa ukiendelea kuliwa. Anapofika hospitalini baada ya miezi, miguu yake huenda imekwisha kuanza kupooza. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa. Kupooza kukikomaa, dawa hizo haziwezi daima kukirudisha kilichopotea.

Kwa hiyo muone daktari kabla ya kumwona mtoa shiatsu ikiwa maumivu ya mgongo yanaambatana na lolote kati ya haya: homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, maumivu yanayozidi usiku na yasiyopungua kwa kupumzika, historia ya saratani, kuanguka au ajali, au mgongo unaoanza kutokeza kibyongo. Miguu ikiishiwa nguvu, ganzi ikitanda sehemu za siri na makalio, au haja kubwa au ndogo ikawa ngumu kutoka au ngumu kuzuia, hiyo ni dharura. Usilale ukisubiri asubuhi.

Kumchagua mtoa tiba

Muulize alisomea wapi, kwa muda gani, na kama alijifunza anatomia na magonjwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda baraza lenye kazi ya kuwasajili watoa huduma wa tiba hizo. Anayeitangaza shiatsu kuwa tiba aulizwe usajili wake bila haya. Kuuliza si ujinga. Mwogope anayekuahidi kuponya kisukari, saratani au shinikizo la damu, na umwogope zaidi anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa. Anayekudai ulipie vikao ishirini kwa mkupuo naye apimwe kwa jicho la tahadhari: kama baada ya vikao vitatu au vinne hujaona tofauti yoyote, cha ishirini hakitaleta muujiza.

Kumbuka pia kwamba mwili ni wako. Shiatsu hufanywa juu ya nguo. Haihitaji uvue, wala haina nukta yoyote katika sehemu za siri au matiti inayopaswa kuguswa. Una haki ya kuchagua kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume, kuingia na ndugu yako, na kusimamisha kikao wakati wowote bila kutoa sababu.

Ukiyazingatia hayo, lala mkekani kwa amani. Tarajia saa moja ya utulivu, misuli iliyolegea na usingizi mzuri usiku huo. Usitarajie kwamba vidole vitakuambia ugonjwa ulio nao, maana kazi hiyo ina vipimo vyake na watu wake. Na kabla kidole cha kwanza hakijagusa bega lako, hakikisha umeulizwa, nawe umejibu kweli.